Kabla klabu yenu haijachimba kisima ng'ambo: tulichofundishwa na mpira mmoja wa pampu

#1 Mleta mada

Wadau, habari za humu. Uzi huu ni wa wenzangu mlio kwenye vilabu vya huduma, sisi tunaokutana kila wiki, tunachangishana, na ikifika mwisho wa mwaka tunaulizana safari hii tuelekeze nguvu wapi. Mara nyingi jibu ni maji: maji safi kwa kijiji fulani nje ya nchi. Ni jibu zuri. Takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2022 zilionyesha watu bilioni 2.2 duniani hawana huduma ya uhakika ya maji salama ya kunywa, kwa hiyo hakuna atakayewaambia mmechagua jambo dogo.

Nimekaa kwenye kamati ya miradi ya klabu yetu miaka kumi na moja, sita kati ya hiyo nikiwa mhazini. Nitaeleza tulipokosea, kisha tulivyorekebisha. Jina la klabu, la shirika tulilofanya nalo kazi mwanzoni na la kijiji nitayaacha, maana watu wa kule hawajaniruhusu kuwaanika humu.

Mradi wetu wa kwanza ulikuwa kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Tulichangisha miezi minane, tukatuma fedha, shirika likachimba. Picha zikaja: watoto wananawa, mama ana ndoo kichwani, kibao cha chuma chenye jina la klabu kimepakwa rangi ya buluu. Tulipiga makofi ukumbini, tukafunga faili.

Baada ya miaka miwili na ushee, mwenzetu mmoja alipita upande ule kwa shughuli zake, akaona aende akakiangalie kisima. Akatutumia picha. Mkono wa pampu umefungwa kamba usining'inie. Majani yameota kwenye mfereji wa kutolea maji yaliyomwagika. Kibao chetu bado kinang'aa. Alipouliza kulikoni, mzee mmoja aliingia ndani akatoka na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti: kipande cha mpira mweusi, kimechakaa upande mmoja. Wameutunza miezi saba, wanasubiri wenyewe waje.

Wenyewe ndio sisi. Tulikuwa hatujui hata kwamba pampu ina mpira.

#2 FundiWaMzunguko

Mleta mada, nimefika kwenye huo mpira nikasimama. Nimetengeneza pampu za mkono miaka mingi, na hiyo hadithi nimeikuta vijijini zaidi ya mara moja. Ngoja niwaeleze wasioijua kazi.

Chukua pampu ya Afridev. Chini majini kuna silinda, ndani ya silinda pistoni inapanda na kushuka ukipiga mkono. Pistoni imevikwa mpira wenye umbo la herufi U. Huo mpira ndio unaobana ukuta wa silinda ili maji yainuke. Ukianza kuchakaa, unapiga mkono mara nyingi kabla tone halijatoka. Ukiisha kabisa unapiga hewa. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani, na ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya muda, sawa na bushi za kwenye mkono, vile vipande vidogo vinavyoshika mhimili wake. Pampu haijafa. Imekosa spea.

Na Afridev ilibuniwa makusudi kwa ajili hiyo. Ilitokana na kazi iliyofanyika Kenya na Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndani ya ule muongo wa maji wa Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990. Kwale, pwani ya Kenya, ndiko ilikojaribiwa sana, na wanawake wa vijijini walifundishwa kuitunza. Wazo lilikuwa kwamba mtu wa kijiji aifungue bila kusubiri gari la mafundi kutoka mjini. Pistoni unaivuta kwa fimbo zake kupitia ndani ya bomba, bomba lenyewe huligusi. Watu wawili na spana, asubuhi hiyohiyo maji yanatoka.

Sasa linganisha na India Mark II. Pampu imara, imehudumia mamilioni ya watu. Lakini kwenye ile ya asili, ukitaka kuifikia pistoni lazima ung'oe bomba lote la chuma, kipande kwa kipande, na hapo unahitaji miguu mitatu ya kuinulia, vibano na kikosi cha watu wenye mazoea. Kama kikosi hicho kipo wilayani, sawa. Kama hakipo, mmewapa watu pampu wasiyoweza kuifungua.

Jambo jingine ambalo wafadhili hawaulizi: uchachu wa maji ya ardhini. Maji yakiwa na tindikali kidogo yanakula bomba la mabati. Mwaka wa kwanza yanatoka safi, baadaye asubuhi ndoo ya kwanza inatoka rangi ya kutu. Nguo nyeupe zinapata madoa, chai inageuka nyeusi, na watu wanarudi mtoni kimyakimya huku pampu ikihesabiwa kuwa inafanya kazi. Dawa yake inajulikana: bomba la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Ila uamuzi huo unafanyika siku ya kununua vifaa.

Swali langu kwa klabu yoyote: duka la spea liko umbali gani kutoka kijijini, na lina huo mpira leo?

#3 Mleta mada

Ahsante fundi. Hilo swali la duka ndilo tulilolikosa.

Naendelea. Baada ya ile picha tulikuwa na kikao kigumu. Wengine walisema tutume fedha za matengenezo yaishe. Wengine waliona haya wakataka tuhamie nchi nyingine tuanze upya. Tulichokubaliana ni wawili kati yetu waende, na wasiende na fedha. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Tulikaa na wanakijiji mchana mzima. Jambo la kwanza tulilosema ni kwamba tulikuja kuwaomba radhi. Kisha mwenyekiti wao akawauliza watu wake swali ambalo mimi nisingethubutu: "Kile kisima ni cha nani?" Pakawa kimya. Kijana mmoja akasema ni cha wale wa kibao. Mama mmoja akasema ni cha fulani, akataja mwenye kiwanja kilicho jirani, maana ufunguo wa uzio ulikuwa kwake. Hakuna aliyesema ni chetu.

Ndipo tukajua kilichotokea. Mahali pa kuchimba palichaguliwa kwa sababu gari la kuchimbia lingeweza kufika. Nusu ya kijiji iko upande wa pili wa bonde, na kwa wao kisima kilikuwa mbali kuliko chemchemi waliyokuwa wakiitumia siku zote. Kamati ya maji ilikuwepo kwenye karatasi, majina saba na sahihi, lakini iliundwa siku ya uzinduzi na haikukutana tena. Hakuna aliyewahi kushika spana.

Tulikuwa tumekwenda na mpango mfukoni, kisima cha pili upande wa pili wa bonde. Wao hawakuutaka. Walitaka kile cha kwanza kitengenezwe, na chemchemi iliyoko juu ya kilima ijengewe, ifunikwe, maji yashuke kwa mserereko hadi tenki na vituo vinne vya kuchotea. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna umeme. Ilituchukua vikao viwili huku nyumbani kuuacha mpango wetu, kwa sababu ulishapitishwa na baadhi ya wanachama walishawaeleza wachangiaji wao habari za kisima. Nawaambia ukweli, kuuacha mpango mliokwisha kuupenda ni kazi ngumu kuliko kuchangisha.

Mgawo wa kazi ulikuwa hivi. Wao walichimba mtaro wote wa bomba kwa mikono, kila kaya na kipande chake, wakasomba mchanga na mawe. Sisi tulileta mabomba, saruji, malipo ya mhandisi wa kupima miinuko, na mafunzo. Kuendesha na kutunza ni kazi ya kamati yao, kwa mchango wa maji wa kila kaya. Klabu rafiki iliyoko nchini mwao ndiyo iliyosimamia kila wiki, kwa sababu wao wanaifahamu lugha, sheria na ofisi ya kwenda. Bila hao tungerudia yaleyale.

#4 Mdadisi

Mleta mada, nashukuru kwa uwazi, lakini nina mawili yananikereketa. Mosi, mnawatoza fedha ya maji watu ambao hata chakula ni cha kubahatisha. Hii ni huduma au biashara? Pili, maji ni kazi ya serikali. Klabu kutoka ng'ambo ikibeba, na jamii ikaambiwa isimamie yenyewe, serikali si inapata pa kujificha? Isije ikawa "jamii isimamie" ni jina zuri la kuwatupia watu mzigo.

#5 MamaWaKamati

Mdadisi, niruhusu nikujibu la kwanza, maana nimekaa upande wa pili. Nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya maji kijijini kwetu miaka sita, mradi uliojengwa kwa msaada wa watu wa nje.

Kuchangia maji hakukuanza na wafadhili. Bila mradi tulikuwa tunalipa: kwa kichwa na mgongo, kwa saa za watoto wa kike, kwa dawa za kuharisha. Tofauti ni kwamba malipo yale hayakuandikwa popote. Kwenye mradi tuliandika. Daftari langu lilikuwa na safu tano: jina la kaya, mwezi, alicholipa, anachodaiwa, sahihi au kidole gumba. Fedha ilikaa kwenye kisanduku cha bati chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu na mwingine kwa mtu wa ukoo mwingine kabisa, mpaka tulipofungua akaunti. Kila baada ya miezi mitatu nilisoma daftari zima kwa sauti mbele ya mkutano, kila jina na kila deni. Siku hizo zilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyenituhumu.

Kuhusu maskini: tulikuwa na wazee wanne wasio na mtu. Mkutano uliamua wasilipe, na ukaandika majina yao ili mwaka unaofuata mtu asije akadai ni upendeleo. Uamuzi huo ni sisi tu tungeweza kuuchukua, maana ndio tunaojua nani hana na nani anajifanya hana. Mfadhili hawezi kuujua. Kiwango cha mchango nacho tulikipanga sisi baada ya fundi kutuorodheshea vitu vinavyoharibika na muda wake. Watu walipoona hesabu ya mpira, bushi na valvu, na posho ya mlinzi wa chanzo, waligawanya wenyewe kwa idadi ya kaya.

Msidhani ilikuwa laini. Ugomvi mkubwa niliokumbana nao ulikuwa wa jamaa yangu wa damu, aliyekataa kulipa miezi mitano kwa kuwa mimi ndiye mshika fedha. Nilisoma jina lake mkutanoni kama la wengine. Hakuniamkia kwa muda mrefu. Alilipa.

Na jambo la wanawake kwenye kamati. Wafadhili wanapenda kuandika "nusu ni wanawake". Mwaka wa kwanza tulikuwa nusu kweli, ila mwenyekiti aliitisha vikao saa ya kuchota maji jioni. Unafika wameshaamua. Tulipotaka saa ibadilishwe tuliambiwa tunaleta siasa. Ilibidi tugome kusaini hati ya kutoa fedha hadi kikao kihamishiwe saa nane. Kwa hiyo mkipokea ripoti yenye idadi ya wanawake, ulizeni kikao kinakaa saa ngapi na nani anaweka sahihi.

#6 Mleta mada

Mama, heshima yako. Hilo la saa ya kikao nitalipeleka kwenye klabu yetu.

Mdadisi, la pili. Wasiwasi wako ni wa haki na nakubaliana nao zaidi ya nusu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka tarehe 28 Julai 2010, kwa azimio namba 64/292, kwamba maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Mwenye wajibu wa haki ni dola. Klabu ya watu arobaini haiwezi kuchukua nafasi hiyo na haifai ijaribu. Ndiyo maana safari ya pili hatukuanza ujenzi hadi kamati imesajiliwa kwa mamlaka ya maji ya wilaya na chanzo kimeandikwa kwenye ramani yao. Ilichelewesha mradi miezi mitano. Sasa kamati ikidai mtaalamu wa wilaya, inadai kwa jina linalotambulika kisheria.

Ila usimamizi wa jamii nao si jina la kupambia mzigo, pale unapofanyika kweli. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanavyotunza rasilimali ya pamoja. Kule Nepal yeye na wenzake walilinganisha mifereji ya umwagiliaji iliyosimamiwa na wakulima na ile iliyosimamiwa na idara ya serikali. Ya wakulima mingi ilijengwa kwa mawe na udongo, ile mingine ilikuwa na mabanio ya zege, yaani vizuizi vya kuelekeza maji mferejini. Ukitazama kwa macho ungeichagua ya zege. Lakini mifereji ya wakulima kwa wastani ilifikisha maji vizuri zaidi hadi mashamba ya mwisho, kwa sababu banio la mawe likibomoka mkulima wa juu ya mfereji anamhitaji wa chini kulijenga upya, hivyo hamwibii maji. Zege lilipokuja, wa juu hakumhitaji tena mtu.

Hilo nalifikiria kila tunapotaka kuwapelekea watu kitu "cha kisasa kisichohitaji kazi".

Honduras nayo ina mfano. Miji midogo mingi huko huendesha maji yake kupitia bodi za wananchi wanazoziita juntas de agua. Tangu 2005, programu ya AguaClara ya Chuo Kikuu cha Cornell imekuwa ikibuni mitambo ya kusafisha maji inayofanya kazi kwa nguvu ya mserereko tu, bila umeme, na bodi hizo ndizo zinazoajiri waendeshaji na kukusanya ada. Wataalamu walileta michoro. Umiliki ulibaki pale ulipokuwa.

Sasa upande ambao haupendezi. Mwaka 2009 RWSN, mtandao wa kimataifa wa wadau wa maji vijijini, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, na wastani ukawa takriban asilimia 36 ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Kamati peke yake, bila fundi wa kumwita na spea ya kununua, inachoka. Malawi watu wa chini ya Mlima Mulanje walichimba mitaro ya maji ya mserereko tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kila tawi la bomba na kamati yake, na miradi ile ilisifiwa mno. Baadaye watu wakaongezeka, misitu ya vyanzo ikakatwa, mabomba yakazeeka, na kamati zilizoundwa kwa ajili ya kutengeneza koki hazikuwa na uwezo wa kubadilisha bomba kuu. Kuna ukubwa wa kazi ambao kijiji hakiwezi kuubeba peke yake, na kusema hivyo si kukidharau.

#7 FundiWaMzunguko

Naongezea hapo kwenye "fundi wa kumwita", kwa sababu kuna ushahidi. Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa kwenye mikono ya pampu vinavyotuma ujumbe wa simu kuonyesha pampu inatumika kiasi gani. Ikinyamaza, fundi anatumwa. Wastani wa siku pampu inakaa imeharibika ulishuka kutoka 27 hadi chini ya 3. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya matengenezo inayoitwa FundiFix, huko Kitui na Kwale, ambapo jamii inalipa ada ya kawaida na fundi ana wajibu wa kufika.

Ukiniuliza mimi, klabu ikiwa na fedha ya visima vitatu, ichimbe kimoja. Iliyobaki iweke fundi mmoja mwenye pikipiki anayezungukia vijiji kumi na tano, na shehena ya kwanza ya spea dukani. Hiyo haina uzinduzi. Lakini siku 27 kwa mama mwenye mtoto mchanga zina uzito wake.

#8 Mpimaji

Nimefuatilia kimya, ila naona maji yenyewe hayajaguswa. Mnazungumzia kutoka kwa maji. Je, yanayotoka ni salama?

Nipo kwenye upimaji wa ubora wa maji. Kila mtu anayetaka kuchimba kisima aikumbuke Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa huko kwa mamilioni, kwa msaada mkubwa wa mashirika ya nje, ili watu waache maji ya madimbwi yenye vijidudu. Nia ilikuwa njema na maji yalionekana maangavu. Mwaka 1993 ikathibitishwa yana aseniki, sumu inayotoka kwenye mashapo ya ardhini, isiyo na rangi wala ladha. Kiwango elekezi cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita. Mamilioni walikuwa wakinywa juu ya hapo, na hakuna aliyepima aseniki kwa sababu hakuna aliyefikiria kuitafuta.

Afrika Mashariki kwenye Bonde la Ufa tatizo kubwa ni floridi. WHO wanaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto yanabadilika rangi kuwa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa inaharibika. Huwezi kuichemsha ikatoka.

Kwa hiyo kipimo cha maabara kifanyike kabla kisima hakijakabidhiwa, na matokeo yabaki kijijini pia. Kwenye chemchemi mnajenga boksi la chanzo, mnaweka uzio, mnakataza mifugo juu yake, na mnapima bakteria wa kinyesi: wanatakiwa wawe sifuri katika mililita 100. Na msisahau safari ya kutoka bombani hadi kikombeni. Maji safi yakimiminwa kwenye dumu lenye utelezi ndani, yakachotwa kwa kikombe na mkono umezama, yanafika mdomoni yamechafuka. Klorini kidogo inayobaki majini, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ndiyo inayoyalinda njiani.

#9 KatibuWaKlabu

Wakubwa, nimejifunza mengi. Niko kwenye klabu changa, na nina maswali matatu. Kuna mtu ametuletea wazo la bembea ya watoto inayozunguka na kupampu maji, inapendeza sana kwenye video. Mnasemaje? La pili, tumeambiwa Rotary, ule muungano wa kimataifa wa vilabu vya huduma, wana ruzuku kubwa, masharti yake yakoje? La tatu ndilo gumu: wanachama wangu wanataka kuona jina la klabu kwenye kibao. Nikiwaambia fedha iende kwenye mafunzo na spea, wananiangalia tu.

#10 FundiWaMzunguko

Nijibu la bembea. Hiyo ni PlayPump, ilitoka Afrika Kusini, na mwaka 2006 iliahidiwa mamilioni ya dola kutoka Marekani. Watoto wanazungusha, maji yanapanda tenki. Tatizo ni hesabu. Gazeti la Guardian la Uingereza lilikokotoa mwaka 2009 kwamba ili kila bembea ihudumie watu 2,500 kama ilivyolengwa, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Watoto wakiwa shuleni, kina mama wazima walijikuta wanazungusha bembea. Ikiharibika hakuna fundi wa jirani anayeijua. Mwaka 2010 shirika lililoisambaza liliacha kazi hiyo. Mbaya zaidi, sehemu nyingine pampu ya mkono iliyokuwa nzima iling'olewa ili kuipisha. Waulizeni wanaochota kabla hamjaitazama video tena.

#11 Mleta mada

Katibu, najibu mawili yaliyobaki.

Ruzuku ya kimataifa ya Rotary: bajeti ya mradi isipungue dola 30,000, na lazima ziwepo pande mbili, klabu ya nchi mradi ulipo na klabu ya nchi nyingine. Tathmini ya mahitaji ya jamii inafanywa kwanza, kabla ya kuomba, na unatakiwa kueleza mradi utaendeshwaje fedha ikiisha. Watu wanalalamikia makaratasi. Mimi nayapenda hayo makaratasi, kwa sababu tungekuwa nayo safari ya kwanza yangetuuliza kila kitu tulichosahau. Lakini mradi wenu ukiwa mdogo kuliko hapo msiukuze ili ufikie kiwango. Anzeni na klabu rafiki ya huko, mlingane na mahitaji yao.

Kuhusu kibao. Sikuwashinda wanachama wangu kwa hoja. Niliwaonyesha picha mbili kwa pamoja: kibao kinang'aa, na mpira kwenye gazeti. Kisha nikawasimulia kwamba Rotary, iliyoanzishwa na wakili Paul Harris kule Chicago mwaka 1905, kazi yake ya kwanza kwa umma, mwaka 1907, ilikuwa kupigania vyoo vya umma mjini humo. Vyoo. Watu wale walitafuta kinachohitajika. Wanachama wawili walijitoa kwenye kamati ya miradi, siwaficheni. Waliobaki walikubali jina la klabu liandikwe kwenye ripoti yetu ya ndani tu, na pale kwenye tenki wanakijiji wakaandika jina la chemchemi yao na tarehe.

Kilichobadilika kwetu ni tunachokiomba. Zamani tuliomba picha. Sasa tunaomba nakala ya kurasa za daftari kila baada ya miezi sita: lililovunjika, siku lilipovunjika, siku lilipopona, aliyetengeneza, fedha ilitoka wapi. Mwaka jana nilikuta mstari mmoja wa pampu ile ya kwanza: mpira wa pistoni na bushi mbili, imeharibika Jumanne, imepona Alhamisi, fedha ya mfuko. Mafundi ni kina mama wawili wa upande wa pili wa bonde, wale ambao kisima hakikuwafikia. Hakuna aliyetupigia simu. Niliisoma ile mistari mara nyingi.

#12 Mdadisi

Mleta mada, nakubali. La mwisho: mnatoka lini? Maana msipotoka, bado ninyi ndio wenyewe.

#13 Mleta mada

Ni kweli, na hatujamaliza. Mfuko wao unatosha kwa mipira, bushi, koki na mlinzi wa chanzo. Hautoshi kwa fundi wa mzunguko, yule anayezungukia vijiji kadhaa, ambaye tunamlipa sisi pamoja na klabu rafiki, na hautatosha siku bomba kuu likihitaji kubadilishwa. Kwa fundi, kamati ya kijiji hiki na za vijiji vingine vinne zimependekeza zichukue theluthi ya malipo yake mwaka ujao, nusu mwaka unaofuata, na wilaya iombwe kiasi kilichobaki. Kwa bomba kuu tumeandika barua ya pamoja kwa mamlaka ya maji liingizwe kwenye mpango wao, na jibu halijaja.

Kikao cha kuamua kiwango cha fundi ni mwezi wa pili, kinaitishwa na kamati zenyewe. Sisi tumealikwa kusikiliza. Nimeuliza kitaanza saa ngapi, nimeambiwa saa nane mchana.